Bujo ya machipuko: nataka maua, ila karatasi inajikunja na tarehe 10 nimeshaacha

*"Dada habari. Niko Leeds, Uingereza, mwaka wa pili sasa, nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee, shifti zangu hazina mpangilio, mara mchana mara usiku. Rafiki alinizawadia daftari la doti (lenye nukta badala ya mistari) nianze bujo, yaani Bullet Journal, daftari la kupangia mambo yako mwenyewe. Kila mwezi unapokaribia nakaa wikendi nzima napamba kurasa zote za mwezi, nachora visanduku vya kila siku, vichwa vya habari vizuri, halafu ikifika tarehe 10 nimeacha, kurasa zilizobaki ni mapambo tu hamna kitu ndani. Januari hivyo, Februari hivyo. Sasa naona watu wanatengeneza za machipuko, maua ya cheri, vipepeo, ndege, na mimi nataka Machi mpaka Mei iwe ya kupendeza lakini pia inisaidie kupanga maisha. Shida nyingine maka zangu, zile kalamu nene za rangi, zinatokea upande wa pili, na nilipojaribu rangi za maji karatasi ikajikunja yote. Kuchora kwenyewe sijui sana. Ninunue daftari jingine? Nianzie wapi? Au mimi ni mvivu tu hiki kitu sio changu?"*

Mdogo wangu, asante kwa kueleza kwa kirefu, manake ungeniuliza tu "nichore nini" ningekutajia maua matano na tarehe 10 Aprili ungekuwa palepale. Kwenye swali lako kuna mambo matatu yamechanganyika: karatasi inayokusumbua, mapambo unayoyatamani, na hiyo hofu kwamba tatizo ni wewe. Naanza na hofu kwa sababu ndo inayokuumiza zaidi. Uvivu sio. Mtu mvivu hatoki shifti ya usiku akakaa na rula wikendi nzima. Nguvu unayo tena nyingi, ila yote unaimwaga kabla mwezi haujaanza, kwenye siku ambazo hata hujajua zitakuwaje.

Kuna kitu wengi hawaambiwi. Bullet Journal kwa asili haina mapambo kabisa. Aliyeitoa hadharani mwaka 2013 ni Ryder Carroll, mbunifu anayeishi New York, na alianza kuitengeneza kwa ajili yake mwenyewe kwa sababu tangu utotoni alikuwa na shida ya kutuliza akili mahali pamoja. Ukiangalia alichofundisha ni kalamu moja na alama chache: nukta ni kazi ya kufanya, duara dogo ni tukio, kistari ni maelezo tu, kazi ikiisha unageuza nukta kuwa x, ukiisogeza mbele unaweka mshale. Mbele kabisa kuna faharasa inayosema kitu gani kiko ukurasa wa ngapi, halafu mwisho wa mwezi unapitia yaliyobaki, lenye maana unaliandika upya kwenye mwezi mpya, lisilo na maana unalifuta na maisha yanaendelea. Basi. Vipepeo na herufi za kupinda vilikuja baadae watu walipoanza kuonyeshana picha mtandaoni. Sisemi hivi ili uache maua, mimi mwenyewe nafundisha watu kupamba na napenda daftari lenye rangi, nataka tu ujue kwamba ukurasa wenye nukta sita na mwandiko wa haraka ni bujo kamili, haupungukiwi na chochote.

Sasa kwa nini tarehe 10? Unachora visanduku 31 vyenye ukubwa sawa kabla rota, yaani ratiba ya shifti, haijatulia. Inakuja wiki ya usiku, siku moja una mambo kumi na tano, kesho yake umelala mpaka jioni huna hata moja, na sanduku ni lilelile. Ni sawa na kushona gauni kabla mtu hajapimwa. Siku ukiruka, sanduku tupu linakukodolea macho, zikifika tatu nne unaona aibu kufungua daftari, na daftari lisilofunguliwa limeshakufa. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja tu na mengine yote yanatoka humo: usipambe siku ambazo hazijafika, acha pambo likue pamoja na mwezi, na kila unapoweza lipe pambo kazi ya kufanya. Na bahati nzuri machipuko ndo majira yanayofaa kuliko yote kwa hilo, kwa sababu kila wiki nje kunabadilika.

Kwanza tumalize karatasi, maana hapo ndo unapoteza moyo. Daftari nyingi za doti zina karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, uzito uleule wa karatasi ya kawaida ya fotokopi. Imetengenezwa kwa kuandikia. Maka zinazotokea upande wa pili karibu kila mara ni za wino wa spiriti, zile ukifungua kifuniko unasikia harufu kali, spiriti inapenya katikati ya nyuzi za karatasi haraka na inabeba rangi mpaka ng'ambo. Hata kwenye karatasi nene zaidi zinapenya. Maka za wino wa maji ni afadhali mara nyingi, ila usipake mara mbili mbili sehemu moja ikiwa bado mbichi. Pia tofautisha wino kupenya na kivuli: ukigeuza ukurasa ukaona mistari kwa mbali lakini bado unaweza kuandika juu yake vizuri, hicho ni kivuli tu, kila daftari la gramu 80 linacho, zoea.

Rangi za maji ni habari nyingine. Nyuzi za karatasi zikinywa maji zinavimba, na zinavimba zaidi kwa unene kuliko kwa urefu, sasa pale ulipolowesha panatanuka wakati pembeni pakavu pamebaki vilevile, karatasi haina pa kwenda inanyanyuka, ndo hayo makunyanzi. Ndo maana karatasi ya rangi za maji huwa ya gramu 300 hivi na inatiwa dawa ya kuzuia maji yasizame haraka. Hamna ufundi wa mkono utakaoifanya ya 80 iwe ya 300. Ukitaka sana rangi za maji, nunua karatasi moja nene, paka juu yake, ikikauka kata ubandike, au chukua penseli za rangi ambazo kwenye gramu 80 zinatoa rangi laini nzuri kabisa ya machipuko bila tone la maji. Kurasa zilizokwisha kujikunja, zikishakauka kabisa funga daftari uweke vitabu vizito juu siku mbili, zitatulia kiasi, hazitarudi kama mwanzo. Na zilizolowa wino mpaka nyuma, gundisha kurasa mbili pamoja kwa gundi ya kijiti, sio ya maji, upate ukurasa mmoja mgumu zaidi wa kuchora juu yake.

Halafu nenda ukurasa wa mwisho kabisa wa daftari, chora mstari mfupi kwa kila kalamu na maka uliyonayo, andika jina lake pembeni, subiri dakika tano, geuza. Juu ya mistari hiyohiyo pitisha hailaita, ile kalamu ya kung'arisha maandishi, uone ipi inachafuka. Kalamu nyingi za jeli zinachafuka, kwa hiyo paka hailaita kwanza ndo uandike juu. Kalamu za kuchorea zilizoandikwa kwamba wino wake ni wa pigmenti na hauyeyuki kwa maji, kama Pigma Micron, zinavumilia ukisubiri zikauke. Ukurasa huo mmoja utakuokolea hela nyingi.

Tuje kwenye maua. Umeona cheri na vipepeo kwa watu na hamna ubaya, cheri zipo mpaka kwenye mitaa ya huko Leeds, ila machipuko ya hapo ulipo yana mpangilio wake na ningependa daftari lako liufuate badala ya kunakili la mtu. Mwishoni mwa baridi zinatangulia snodropu, nyeupe zimeinamisha vichwa, Februari kuingia Machi zinatoka krokasi za zambarau na njano chinichini kwenye majani, halafu Machi yote ni dafodili, barabarani, kwenye bustani, mpaka kwenye ndoo za supamaketi. Cheri mwisho wa Machi na Aprili, tulipu Aprili, blubeli msituni Aprili mwishoni kuingia Mei. Ukiwa na siku ya ofu panda basi uende Harrogate, mji wa jirani, uone krokasi kwenye ule uwanja wa The Stray, na wiki chache baadae cheri palepale. Sasa unaona, huhitaji kubuni mada ya mwezi, Machi ni njano ya dafodili, Aprili pinki ya cheri na rangi moja ya tulipu unayoipenda, Mei buluu na kijani. Rangi mbili kwa mwezi zinatosha, ukizidisha ukurasa unakuwa na kelele na maandishi yanapotea.

Umesema hujui kuchora. Dafodili utaliweza leo. Kwa penseli chora duara dogo ukubwa wa mraba mmoja wa doti, nafasi iliyo kati ya nukta nne, hiyo ni shimo la tarumbeta, lizungushie duara la pili lenye ukingo wa mawimbimawimbi. Halafu petali sita, usizipange kwa kuzunguka, weka tatu kwanza zikiwa mbalimbali kama pembetatu, kisha tatu nyingine zichungulie katikati kwa nyuma, kila moja na ncha kidogo. Shina liwe refu lakini karibu na ua lipinde ghafla, hapo ndo linapoonekana dafodili na sio ua la kawaida. Pitia kwa kalamu, futa penseli wino ukishakauka, njano kwenye petali, tarumbeta njano iliyokolea au chungwa. Cheri ni rahisi zaidi, petali tano, kila moja na mkato mdogo kwenye ncha, ukisahau mkato linaonekana ua lolote tu. Blubeli ni vikengele vinavyoning'inia upande mmoja wa shina, shina lenyewe limeinama.

Sasa tuyape kazi. La kwanza, badala ya chati ya visanduku vya tabia, chini ya ukurasa wa mwezi chora mstari wa udongo na chini yake vitunguu vya maua vinne, kila kimoja kiwe kitu unachotaka kukifanya mara kwa mara, kutembea nje, kunywa maji kazini, kusoma, kuweka akiba, vyovyote. Kila ukifanya, shina linapanda mraba mmoja. Likifika miraba kumi linapata ua, na unaanza jingine pembeni. Siku uliyoruka haionekani popote! Hamna tundu. Kwa mtu wa shifti hii ni tofauti kubwa mno kuliko chati ya siku 31, kwa sababu unahesabu ulichofanya na sio ulichokosa, na mwisho wa mwezi una bustani iliyojichora yenyewe bila kupoteza wikendi.

La pili ndo ninalolipenda kuliko yote, chati ya mwanga. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea jua kuchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, huko Leeds mwanzo wa Machi mchana una karibu masaa 11 na mwisho wa Mei unapita masaa 16. Kwenye Machi mchana unaongezeka kama dakika 4 kila siku. Chukua nusu ukurasa, safu 13 za wiki kutoka Machi hadi Mei, kwenda juu mraba mmoja kwa saa moja kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 4 usiku. Kila Jumapili angalia kwenye simu jua limechomoza na kuzama saa ngapi, weka nukta mbili, paka njano katikati. Wiki ya mwisho ya Machi utaona njano yote inaruka juu, kwa sababu Jumapili ya mwisho ya mwezi huo saa zinasogezwa mbele, saa 7 usiku inakuwa saa 8.

Na hilo ruko liandike kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa Machi, sio la urembo. Ukiwa kwenye shifti ya usiku siku hiyo, usiku unakuwa mfupi kwa saa moja, muulize meneja mapema unalipwaje. Na kwa nyumbani, huko hawabadilishi saa, kwa hiyo tofauti ya masaa 3 inakuwa 2. Weka kajedwali kadogo kenye ndege amebeba barua kama unapenda ndege, upande mmoja saa yako, upande wa pili saa ya mama, chagua nyakati mbili au tatu za wiki ambazo wewe umeamka na yeye hajalala. Saa za kazi ziandike kama zilivyo kwenye rota, 07:30 na 19:30, saa za nyumbani ziandike kama mnavyozungumza nyumbani, usijilazimishe kuzibadilisha ukiwa na usingizi ndo unakosea shifti.

Yale mengine ya majira nitayapita haraka. Aprili ina mambo ya hela, mwaka wa kodi Uingereza unaanza tarehe 6 Aprili, na sehemu nyingi za kazi mwaka wa likizo unaanza tarehe 1, angalia mkataba wako kama kuna siku za likizo zitakazopotea. Weka Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, na zile Jumatatu mbili za mapumziko za Mei. Kama unafunga Ramadhani, kumbuka inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka kwa hiyo usinakili ukurasa wa mwaka jana. Na kama ulikuwa unapiga chafya na macho yanawasha mwaka jana ukadhani mafua, weka kaua kadogo kila siku inapotokea, chavua ya miti inaanza mwisho wa Machi, ya nyasi kuanzia katikati ya Mei. Ukimpelekea mfamasia karatasi hiyo atakusaidia haraka kuliko ukimwambia "huwa natokwa machozi."

Siku zenyewe? Ukurasa mmoja kwa wiki, juu andika tarehe saba na shifti kwa alama tatu tu: jua kwa mchana, mwezi kwa usiku, jani kwa ofu. Chini acha wazi kabisa. Siku ikifika unaandika tarehe na nukta zako, ikiisha unapiga mstari, siku inayofuata inaanzia hapo hapo. Siku ndefu itachukua nafasi ndefu, siku ya kulala haitachukua kitu. Ukibaki na nafasi Jumapili, hapo ndo pa kuchora ulichokiona wiki hiyo, hata kama ni jani moja.

Stika, tepu za urembo na mihuri naviunga mkono kwa watu wa kazi kama yako, sio udanganyifu, vinamaliza ukurasa ndani ya dakika mbili. Ubaya wake ni unene, daftari linafura na halifungi, na hela zinakwisha bila kuona. Nunua tepu moja ya kijani itoshe miezi mitatu. Maua ya kukausha ni mazuri lakini chagua membamba, primrozi na viola zinakubali, dafodili lina maji mengi linaoza kabla halijakauka. Yaweke katikati ya karatasi zinazonyonya, sio ndani ya bujo, vitabu juu, wiki mbili tatu, badilisha karatasi siku za mwanzo. Likiwa na unyevu hata kidogo ukabandika, ukungu utakula kurasa. Na chuma ya bustanini kwa mtu aliyekuruhusu, blubeli za msituni ziache, kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa kisheria huko.

Hili nakusisitizia sana kwa sababu ya kazi yako. Majina ya wazee unaowahudumia, namba za vyumba, dawa zao, nani kaanguka nani kakataa kula, visiingie kwenye bujo kamwe, hata kwa kifupi. Daftari linasahaulika kwenye basi. Unaweza kuandika "nimkumbushe meneja kuhusu mafunzo" ila habari za mtu anayehudumiwa zinabaki kwenye kumbukumbu za kazini.

Kuna mahali daftari halifiki. Kama rota inabadilishwa kila siku mbili mpaka huwezi kupanga hata daktari wa meno, hapo ukae na meneja na hizo alama zako za jua na mwezi mkononi aone mwezi wako ulivyokaa. Kama hulali hata siku za ofu, au vitu ulivyokuwa unavipenda vyote umeviacha na sio bujo peke yake, au unasahau na kushindwa kumaliza mambo tangu utotoni mpaka yanakuharibia kazi, nenda kwa GP wako, daktari wa kawaida uliyejiandikisha kwake, umweleze hivyo hivyo kama ulivyonieleza mimi. Hiyo "mimi ni mvivu" nimeisikia kwa watu waliokuwa wagonjwa kabisa hawajui, na sisemi wewe ni mmojawapo, nasema usilibebe peke yako. Kwa kalamu pia, usinunue mtandaoni kwa picha, nenda duka la vifaa vya sanaa ukiwa na daftari lako, omba kujaribu kwenye ule ukurasa wa nyuma.

Daftari jipya usinunue sasa. Hilo la gramu 80 linatosha kwa penseli za rangi, kalamu moja ya pigmenti na kila kitu nilichokutajia hapa. Mwisho wa Mei liangalie. Kama umelijaza na bado roho inataka rangi za maji na maka nzito, hapo tafuta lenye gramu 160, ni zito kubeba na lina kurasa chache, lakini utakuwa unajua unalinunulia nini.